Chumvi ya Ngazini

Hapa Preston mwezi wa pili hauna asubuhi,
una giza linalopauka tu.
Kabla ya kengele Gerard Entwistle yuko kwenye ngazi za kanisa,
ndoo ya chumvi mkononi, anamwaga gao kwa gao
ili sisi tupandao kupokea tusiteleze.

Yeye hapokei.
Miaka tisa anafika mbele yangu kwenye foleni,
mikono kaikunja kifuani kama maiti aliyekwisha kuoshwa,
na mimi, mhudumu wa Komunyo, muuguzi wa zamu za usiku,
mzaliwa wa Ndanda niliyelelewa kwa katekisimu na fimbo,
naisogeza hostia kando, namwambia: Mungu akubariki.
Macho yangu tayari yako kwa aliye nyuma yake.

Alimwacha Maureen. Anaishi na mwingine huko Ribbleton.
Kila mtu analijua hilo:
mimi ndiye niliyelizungusha kwenye meza ya chai
pamoja na sahani ya biskuti.

Kosa ni kosa, nilisema, na sikukosea.
Ndoa si koti la kuazima.
Hata leo ukiniuliza nitajibu hivyohivyo.
Lakini ulimi uliosema
ndio uleule ninaoutoa mbele ya padre kila Jumapili,
na hakuna aliyewahi kuniambia nikunje mikono.

Padre Kiernan husema huruma si kuuita usiku mchana,
ni kumwendea mtu usiku huohuo na tochi.
Tochi ninayo.
Nilikuwa nammulika nayo usoni.

Jumatano ya Majivu niliteleza,
ngazi ya tatu, chumvi ilikuwa bado.
Akanidaka kwapani, ndoo ikabingirika hadi barabarani.
"Samahani," akasema, "hiyo nilikuwa sijaifikia."
Ananiomba msamaha. Mimi.

Nilitaka kusema neno kuhusu ile meza ya chai.
Nikasema, "Baridi kali leo."
"Kali," akajibu, akaifuata ndoo yake.

Jumamosi nikaungama. Sitasema zaidi.

Jumapili akaja tena, mikono kifuani,
chembe nyeupe zimeganda kwenye mikunjo ya koti.
Mungu akubariki, nikasema, safari hii nikimtazama,
na sauti ikanitoka kama ya mtu anayeomba unga
kwenye duka ambalo bado analidaiwa.