Sifuri kwa Penseli

Saa kumi na mbili na robo, Zigi bado umejifunika ukungu.
Mngoya anatupanga mstari mmoja, watu saba, darubini nne.
"Mtapokezana," anasema. "Na mwenye nguo nyekundu
ndege watamwona kabla yeye hajawaona."
Nauvua mtandio wangu, nausokomeza mkobani.

Oktoba. Vuli inakohoa mbali, upande wa Muheza.
Maji yanakupwa, mikoko imebaki magoti nje,
na mto hauna haraka tena,
umekwisha onja chumvi.

Wa kwanza ni vitwitwi,
mbio, kituo, mbio,
midomo juu chini, juu chini,
kama cherehani ya fundi aliyelemewa na nguo za Idi.
Wanashona tope. Tope halishoneki. Wanashona.

"Hawa wametoka kule ambako maji sasa yanaanza kuwa mawe."
Bi Mwanamkasi anauliza nani aliwaonyesha njia.
Mngoya anaweka kidole mdomoni:
si jibu, ni ndege mwingine.

Ndipo Hiza, wa kidato cha pili, akaropoka:
"Huyo kwetu tunamla."
Tukacheka, kisha tukaacha kucheka.
"Hata mimi," akasema Mngoya, "nilimtega hapahapa, kwa uzi wa mkonge.
Nikamchuna nikakuta mafuta ya manjano chini ya ngozi, kama samli.
Nikalamba vidole.
Sikujua ile ilikuwa nauli.
Nilikula nauli ya mtu aliyekuwa bado njiani."

Tukatembea kimya hadi kwenye kona ya mto.

Hapo kuna sululu kumi na mmoja, midomo imepinda kama mundu.
Tunatafuta mmoja, mwenye pete ya njano mguuni.
Miaka minne hajakosa.
Miguu ishirini na miwili, tunaipekua yote,
na wengine, wakaidi, wamesimama kwa mguu mmoja,
basi tunangoja washushe wa pili.
Jua linapanda. Mbu wanatuhesabu sisi.
Wa mwisho anashusha mguu:
mtupu, wa kijivu, una tope.

Mngoya anafungua daftari lenye jalada la turubai.
Kalamu ya wino iko sikioni pake, anaigusa, anaiacha.
"Nani ana penseli?"
Hiza anatoa yake, imetafunwa kichwani.
Anaandika sifuri, ndogo, nyepesi,
mkono haukandamizi karatasi.

Hiza anapekua mfuko wa suruali tena,
anampa na kifutio.