Safu ya Sababu

Bogumiła hupanga ratiba za tramu mjini Łódź.
Miaka kumi na tisa
tramu zimepishana chini ya penseli yake
bila kukwaruzana hata rangi.
Anajua theluji hula dakika ngapi kwenye kona,
na dereva gani humngoja bibi mwenye mkongojo.

Tangu Oktoba ana kikombe kimoja kichafu.

Kukiosha, sharti ainuke.
Kuinuka, sharti blanketi litoke,
na kabla ya blanketi kuna mkono,
na kabla ya mkono kuna kutaka,
na kutaka,
hapo ndipo reli inapokatika.
Amelala ubavu, anakitazama:
chai imeacha pete, na pete ndani ya pete.

Barua ya bima ina sentensi tisa.
Ya kwanza ameisoma asubuhi nzima.
Jicho linafika mwisho wa mstari,
akili imeshuka kituo cha nyuma.

Wiesława wa ghorofa ya chini kaleta supu ya bitiruti,
kaiweka mezani pamoja na maswali:
Una njaa gani? Una deni gani? Nani kakufia?
Hakuna aliyekufa.
Hilo ndilo linalomchosha kulieleza.

Jumanne kaja kaka yake, Zenon, fundi wa nyaya,
viatu vinadondosha theluji zuliani.
Hakusema jikaze.
Kaketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda,
kauliza, kama mtu anayeulizia kazi:
"Tramu ikisimama njiani, mnaandikaje?"

Kimya. Kisha sauti,
kama droo isiyovutwa siku nyingi:
"Namba. Saa. Imechelewa kiasi gani. Halafu safu ya sababu."
"Sababu zipi?"
"Theluji. Gari kwenye reli. Umeme kukatika."
"Mmewahi kuandika: tramu ni mvivu?"

Hakucheka. Aliugeuza uso ukutani,
lakini polepole, kama anayefikiri.

Zenon alipoondoka kikombe kilikuwa palepale,
na supu imeganda.
Bogumiła kaitafuta penseli (hilo tu, robo saa),
kaandika nyuma ya bahasha ya bima:

*Kikombe. Saa nne asubuhi.*
*Kimechelewa siku arobaini na moja.*
*Sababu: umeme haujafika kwenye waya.*

Akayasoma aliyoyaandika,
yote,
hadi nukta ya mwisho.
Kisha akalala.