Vigae Kumi na Viwili

Saa kumi na moja na nusu, umande bado mbichi,
navaa buti za Delbert, zinanipwaya,
nachukua daftari lililolowa pembe
na penseli, maana wino hugoma kwenye baridi.
Mei hii bonde la Juniata limekunywa mvua wiki tatu,
na shamba letu halijaguswa na plau mwaka wa saba.

Nimelaza vigae kumi na viwili,
masalio ya tulipoezeka banda la ndama,
juu ya mabua ya mahindi ya mwaka jana.
Kila kimoja nakifunua taratibu
kama mtu anayefunua sufuria ya mwenzake.

Cha kwanza: wanne.
Cha pili: saba, na mayai angavu kama chumvi ya mawe.
Cha tatu hakuna, ila harufu ya uyoga.
Cha nne sikuhesabu, nilikaa kitako nikacheka:
wamelala wameegemeana
kama abiria waliokosa treni.

Koa hana nyumba, wala halipi kodi.
Hana mguu, na amefika kabla yangu.
Usiku huitafuna soya ingali imeinama,
shingo haijanyooka,
alfajiri anaacha mstari wa fedha, risiti
ya kitu nilicholipa mimi.

Shemeji Elwood hupunguza mwendo wa lori pale uzioni:
"Orpha, plau ya mzee ingali ghalani.
Ipitishe mara moja, umalize maneno."
Najua. Naiona kila nikifuata dizeli,
imejiinamia kama ng'ombe anayengoja kukamuliwa.
Mwaka ule tulipolima, koa hawakuwapo.
Mvua ya Juni ilipokuja, udongo nao haukuwapo:
uliteremka mtoni, rangi ya chai ya maziwa,
na Delbert amesimama darajani, kofia mkononi,
kana kwamba wanapitisha jeneza.

Kwa hiyo nahesabu.
Cha tano, cha sita, cha saba: namba zinapanda
kama homa.
Cha nane hakipo. Upepo, ama kulungu.

Chini ya cha tisa, mende mweusi wa ardhini,
taya zake koleo,
amemshika koa kiunoni, kama koa ana kiuno.
Hana haraka. Hakunitazama.
Daftarini hakuna safu yake.
Nimechora moja pembeni, imepinda,
nikaandika: mende, mmoja.

Miaka ile mbegu zilikuja zimepakwa dawa, buluu kama peremende.
Koa walikula, wakanenepa.
Mende waliwala koa, wakafa chali.
Hilo nalo nililihesabu, nimechelewa,
Delbert akiwa hospitali Lewistown
nami sina wa kumwambia.

Vimebaki vitatu. Jua limegusa bawaba za ghala.
Elwood atapita saa mbili, atauliza: wangapi?
Nitampa jumla, asikie anachotaka kusikia.
Yule mmoja simtaji.
Alhamisi nitarudi kumtazama
kama ana mwenzake.