Nyuki wa Kizota

Basi letu lina vitanda viwili, sinki moja,
jiko la gesi, na ubao wa herufi za kupimia macho.
Miezi tisa kwa mwaka ndiyo nyumba yangu:
Mvumi, Manzase, Chali, Bahi,
tunalala pale kazi ilipotuachia.
Novemba nikaomba likizo, nikaliegesha Kizota,
yadi ya Chidawali, katikati ya matrekta mabovu,
nikaenda Kondoa kumuuguza mama.

Mlango nilifunga. Madirisha nilifunga.
Koki sikufunga.
Pampu niliiacha macho, gizani,
kama mbwa anayelinda kitu asichokijua.

Siku ya nne nati moja chini ya sinki ililegea.
Ingepasuka ingesikika.
Ililegea tu, kwa adabu,
tone,
kimya,
tone.
Waliotwambia haba na haba hujaza kibaba
hawakutwambia kwamba ndivyo kinavyoisha.
Na kila nguvu ya maji iliposhuka, pampu iliamka,
mtumishi mwaminifu,
ikasukuma yaliyobaki.

Wa kwanza kujua walikuwa nyuki.
Ndahani, mlinzi, aliwaona wakining'inia chini ya chasisi,
akadhani wanatafuta mzinga.
Kisha mbuzi wa jirani wakajilaza uvunguni,
akadhani wanatafuta kivuli.
Kijana wa watu, angedhani nini?
Novemba, Dodoma, nani anadhani maji?

Siku ishirini na mbili.
Nilipofungua, harufu ilinitangulia kutoka nje.
Sakafu ya plaiwudi imeumuka kama andazi,
godoro limeota manyoya ya kijivu,
na ubao wa macho umekunjamana:
ile herufi kubwa ya juu kabisa,
ambayo hata asiyeona vizuri huisoma,
haikusomeka.

Lita mia mbili. Madumu kumi niliyoyanunua Nzuguni,
nikibishania shilingi hamsini hamsini.
Wiki hiyohiyo, kule Chali, Bibi Nyemo mwenye mtoto wa jicho
alikuwa amepiga magoti korongoni,
anafukua mchanga kwa kibakuli,
anasubiri shimo limwonee huruma.
Kuna hasara anayolipwa fundi. Hiyo nililipa,
na mbao, na gundi, na nauli yake.
Hii nyingine sijui dirisha lake la malipo liko wapi.

Sasa siondoki kabla sijafunga koki kuu,
naizungusha mpaka kiganja kiume.
Nazima pampu, na kwa kuwa siiamini swichi
navua na waya wa betri.
Nafungua mabomba yote yakohoe pumzi ya mwisho.
Maji ya tenki nayagawa: madumu kwa Sechelela wa chapati,
yaliyosalia kwa miche ya zabibu ya Chidawali,
ambaye hushukuru kwa kuguna.
Kabati naziacha wazi, zipumue.
Chini ya sinki natandika gazeti la jana;
gazeti laweza kudanganya mengi, lakini si kuhusu maji.
Ufunguo wa pili nampa Ndahani.
"Matairi hayaibiwi na nyuki," namwambia,
"ila ukiwaona, nipigie."

Jana kapiga. Niko Kondoa, namlisha mama uji.
"Dada, nyuki wamekuja."
Kijiko kikasimama hewani.
"Wangapi?"
"Wawili."
"Wanafanya nini?"
Nikasikia viatu vyake vikisaga changarawe,
nikamsikia akiinama.
"Wanatembea juu ya bomba. Kama wanalionja."
Kimya.
"Sasa wameondoka."

Mama, uji kidevuni, akanitazama usoni
akauliza nani amefariki.
Hakuna, mama, nikasema.
Ni pakavu.