Cha Rangi Gani

Julai, Njombe. Sakitu imeunguza viazi vya jirani,
majani meusi kama yaliyopitiwa na pasi.
Cherehani nimeifunika, wateja hawatoki.
Tegemea yuko chini, karibu na jiko la mkaa,
amemwaga kopo la marehemu shangazi Sembilinyi
juu ya gunia, na vifungo vikasema shwaaa
kama mvua inayokosea bati.

Miaka arobaini ya makoti imo humo.
Vya shaba vya mgambo, vya mfupa,
vya plastiki vilivyochongwa maua,
kimoja chekundu cha gauni ambalo hakuna anayelikumbuka,
na vyeupe vya mashati ya shule, vingi kuliko watoto.
Shangazi hakutupa. Koti likifa, alisema,
macho yake hayafi.

"Tutengeneze wale."
Wepi?
"Wanawake wadogo wenye mabawa. Wanaokaa kwenye maua."
Aliwaona kwenye kitabu cha mwalimu.
Natafuta jina. Jini hapana, jini ana madeni yake.
Malaika hapana, malaika huja na habari.
Kibwengo atatunyima usingizi.
Basi hawana jina. Tunaanza hivyo hivyo.

Kichwa ni kifungo cha mfupa: matundu mawili, macho tayari.
Shingo ni ushanga. Kiwiliwili,
vitano juu ya vingine, kikubwa kikibeba kidogo.
Uti wa mgongo ni waya wa redio iliyonyamaza.
Sketi nimeikata kwenye shela
la bibi harusi aliyeghairi na hakurudi kulichukua.
Nywele, sufu ya sweta lililofumuka.
Mabawa yametushinda mara mbili,
mpaka Tegemea alipoleta ganda la hindi, jembamba, kavu,
lenye mistari kama kiganja cha mtu.
Gundi imemshika vidole. Anacheka.
Sijamsikia akicheka tangu mwezi wa tatu.

Mwezi wa tatu nilikaa naye kwenye benchi la mahakama.
Mbao za msitu usio wake, walisema.
Kaka yangu akapewa kifungo, miaka minne,
watu wote wakaangalia viatu.
Tegemea akanivuta mkono wa sweta, akanong'ona:
"Cha rangi gani?"

Sikumjibu. Kiswahili, lugha yangu,
ubahili gani huu,
neno moja kwa shati na kwa mtu?

Sasa amekiona. Cha kahawia, cha pembe,
bado kina uzi na kijipande cha kitambaa.
"Hiki cha koti la baba."
Ndicho. Nilikiokota barazani
askari walipomkokota, nikakificha humu kati ya wenzake,
nikidhani kopo litanisaidia kusahau.
Anataka kikae kifuani pa yule wa kwanza.
Nilitaka kusema hapana, nikamshikia sindano.

Jumapili tulimpeleka, amefungwa kwenye leso.
Askari wa getini alimgeuza, akampulizia ganda,
akatabasamu kidogo, kisha akasema
waya hauingii ndani.
Akauvuta. Taratibu, sitamsingizia,
lakini yule mwanamke akawa vifungo tena
mkononi mwa Tegemea, na sketi ikaanguka kwenye tope.
Askari akatazama huku na huku.
"Kimoja kinaweza kupita. Chagua."

Alichagua ameniegemea kisogo. Sikuona.
Nilimwona kaka tu, nyuma ya nyavu, amekonda,
akifungua kiganja, akikitazama,
akikifunga haraka kama mtu aliyepewa kaa la moto
na hataki kulirudisha.

Usiku nilimwaga leso mezani, nikahesabu.
Cha mfupa kipo. Vyeupe vyote vipo.
Cha kahawia kipo, na uzi wake.
Kilichokosekana ni kile chekundu.

Nilimkuta macho wazi chini ya blanketi.
"Nilimwambia baba rangi," akasema,
akageukia ukutani.

Nje sakitu inashuka tena.
Ganda moja la hindi liko dirishani,
kila upepo ukipenya linainuka kidogo,
linalala, linainuka.
Kesho nitamwuliza jirani kama ana wavu wa vitunguu.
Na waya tutauacha. Tutatumia uzi.