Moja kwa Kumi na Mbili

Nililikuta Karume, chini ya robota la suruali,
boksi limebonyea kona moja,
na juu yake pikipiki ya mashindano imelalia ubavu,
goti la dereva likikwangua lami.
"Elfu nane. Kitu cha watoto hicho."
Nikatoa sita, nikalibana kwapani
kama mtu aliyeiba mkate.

Vipande mia na kumi na saba.
Maelezo kwa Kijapani.
Sikijui Kijapani, ila mshale ni mshale.

Kazi yangu ni meno.
Kutwa nachonga magego ya watu nisiowaona,
chumba cha nyuma, Mnazi Mmoja, feni moja.
Jino likikaa sawa hakuna anayelitaja;
likikosea, simu inalia alfajiri.
Basi vidole hivi vinakijua kibano,
vinaujua msasa laini kuliko karatasi,
vinajua kushusha pumzi kwanza, ndipo viguse.

Injini nikaimaliza kwa usiku nne.
Cheni, ekzosi, shokapu nene kama punje ya mchele.

Rangi ndiyo iliyonitoa jasho.
Fundi wa Gerezani aliuliza, "Nyekundu ya gari gani?"
"Ya pikipiki."
"Tangi lake kubwa?"
Nikamwonyesha kidole gumba.
Alicheka hadi akakaa chini,
kisha akanichanganyia, tone kwa tone,
bila kucheka tena.

Lakini ilikuwa masika.
Nilipuliza, na unyevu wa Magomeni ukaingia ndani ya rangi,
wekundu ukafanya ukungu
kama jicho lenye mtoto wa jicho.
Nikakwangua yote.
Mara ya pili Luku ikalia, ikakata,
nusu ya tangi nyekundu, nusu kijivu,
na mimi gizani nimeshika bomba lisilopumua.
Mara ya tatu nilisubiri kipupwe.
Asubuhi moja kavu ya Juni ilitosha.

Stika zilikuwa njano, meno ya mvuta tumbaku.
Nikazibandika kwenye kioo cha dirisha zikaliwe na jua,
wiki tatu, namba thelathini na moja ikiangalia uani.
Bi Chausiku akauliza kama ni hirizi.
Nikamwambia ndiyo.

Kipande kimoja hakikuwemo.
Kikonyo chake kilikuwa wazi, kimekatwa zamani, kwa uangalifu:
kuna mtu, mbali huko, alianza na hiki, akaishia hapo.
Mkono wa breki ya mbele.
Nikauchonga kwa unga wa meno bandia,
nikaupaka rangi ya fedha.
Chini ya fedha ile kuna jino.

Pazi, mtoto wa dada, alipoiona mezani:
"Shangazi, inakwenda?"
"Haiendi."
"Sasa?"
Sikuwa na jibu. Nikampa karanga.

Nyambuka hakuuliza.
Alikuja kudai nauli ya juzi, kofia ngumu mkononi,
akachuchumaa, akafumba jicho moja
kama anayetazama kama gurudumu limenyooka.
Akakaa hivyo muda mrefu.
"Breki iko juu mno," alisema.
"Akitaka kufunga, kiganja kinakunjika. Atachelewa."
Akanyoosha vidole viwili hewani
akashika kitu ambacho hakikuwepo,
akakishusha kidogo.
"Hapa."

Nani atachelewa, nilitaka kusema,
hakuna dereva, hakuna barabara,
mtu wa kuipanda angekuwa na urefu wa kalamu iliyochongwa sana.
Nikamlipa. Akaenda.

Kisha nikachukua wembe.
Gundi ikaachia, *tik*.
Nikaushusha mkono ule unywele mmoja,
nikautazama,
unywele wa pili.
Huko nje, kwenye kona ya duka la mkaa,
nikamsikia Nyambuka akifunga breki ghafla,
pengine mbuzi, pengine mtoto,
na nikabaki na kibano hewani
mpaka injini yake iliponguruma tena.