Upande wa Pili wa Risiti

Masjala ya mahakama, Kasese. Faili nene,
kamba yake imeguguna panya hadi nyuzi mbili.
Wakulima mia na kumi na watatu wa Kyondo
wanakidai chama cha ushirika
bei ya kahawa ya misimu minne.
Nilitumwa kuhesabu kurasa, si kuzisoma.

Risiti ya kwanza: Mbusa, mwana wa Kighoma,
kilo themanini na moja, daraja la pili.
Imegongwa muhuri. Haijalipwa.
Feni ikaigeuza.

Nyuma yake, kwa penseli, herufi zinasukumana
kama mbuzi mlangoni:

*Kahawa wameipima, kilo wakaziandika,*
*Jasho hawakulipima, chini lilikodondoka,*
*Mgongo ukiinama, mshale hautaruka,*
*Mungu ndiye atapima, siku nitapofika.*

Nikahesabu kwa vidole. Nane kwa nane, nane kwa nane,
mpaka mstari wa mwisho: nane kwa saba.
Mizani imepunjwa.
Nikacheka peke yangu kati ya makabati,
halafu kicheko kikanikauka.

Mjane wake, Masika, huja kila mwezi wa tatu
kuuliza kesi. Safari hii nilimpa kiti.

Shule? akasema. Siku tisa.
Ya kumi nguruwe pori waliingia muhogoni, akaambiwa alinde.
Herufi alizikuta Kilembe, ndani ya mlima,
kwenye masanduku ya baruti.
H ya HATARI ndiyo ya kwanza kuijua,
ndiyo maana kila H yake imesimama wima
kama mtu aliyeamriwa asisogee.
Kiswahili nacho alikiokota humo humo gizani,
kwa Wajaluo, kwa Wakiga, kwa fundi mmoja wa Bukavu
aliyetukana vizuri sana.
Watu wakimwambia, lugha ya askari na wezi hiyo,
alijibu: Basi mwizi akilisoma ataelewa.

Alirudi na kifua kinachopiga mluzi usiku
na shamba la mteremko ambalo ukidondosha jembe
unalifuata hadi Nyamugasani.
Karatasi hatukuwa nayo. Risiti tulikuwa nazo.
Silabi alizihesabu kwa buni, juu ya ungo,
nane kulia, nane kushoto,
nami nikimpigia kelele kwamba buni hizo ni ada za watoto.

Nikamwonyesha mstari wa saba.
Akauinamia muda mrefu, yeye asiyejua kusoma.
Saba? Huyo ni kuku, akasema.
Kuku wetu mwekundu alikuwa anadonoa.

Wakili alipopanda mlimani kutafuta ushahidi
Mbusa alizitoa zote, arobaini na moja,
akabaki na penseli sikioni.
Mkewe alimlilia: Na maneno yako?
Akasema, Yanakwenda kwa hakimu. Nani kati yetu
aliwahi kusomwa na hakimu?

Hakimu alisoma upande mmoja.
Mahakimu wanne sasa, upande uleule.
Mbusa alifia juu ya ngazi akipogoa mibuni,
na mlima haukuandika kitu.

Ninanakili baada ya saa kumi na moja, mlango nikiufunga.
Sirekebishi. H nazichora wima.
Nimefika ya thelathini na nane: mizigo, minyoo ya muhogo,
deni la chumvi, jino linalouma mistari kumi na miwili.

Jana kesi imeahirishwa tena, hadi Oktoba,
nami, Mungu anisamehe, nilifurahi:
faili litabaki rafuni.
Kisha nikamwona Masika kwenye korido,
viatu mkononi, akihesabu nauli ya kurudi.

Hakuuliza habari za pesa.
Aliuliza, Ile ya mvua ya mawe umeiona?
Mimi nimo. Nimejifunika sufuria kichwani.

Bado zimebaki tatu.
Nimemwambia bado.